Namna ya Kupima Riwaya za Kunusurika Baharini na Nyikani

Riwaya ya kunusurika husimulia habari za mtu mmoja au watu wachache waliotupwa mahali pasipo na duka, jirani wala serikali, wakabaki na miili yao, akili zao na vitu vichache walivyowahi kuviokoa. Mahali penyewe huweza kuwa kisiwa kisicho na watu, mashua katikati ya bahari kuu, au nyika iliyofunikwa na theluji. Aina hii ya fasihi ina nasaba ndefu. Katika Alfu Lela Ulela, Sindbadi na wenzake wanashuka kwenye kisiwa ambacho kumbe ni mgongo wa samaki mkubwa, na moto wao wa kupikia ndio unaomwamsha. Katika karne ya 12, Ibn Tufayl wa Andalusia aliandika Hayy ibn Yaqzan, kisa cha mtoto aliyelelewa na paa kisiwani na kukua bila kuona binadamu mwingine. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1671 na kwa Kiingereza mwaka 1708. Mwaka 1719 Daniel Defoe alichapisha Robinson Crusoe, miaka 10 baada ya baharia Mskoti Alexander Selkirk kuokolewa katika visiwa vya Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile, alikoishi peke yake kwa miaka minne na miezi minne. Tangu hapo waandishi wa nchi nyingi wamefuata njia hiyo, wengine kwa ustadi mkubwa, wengine kwa kuiga tu.

Wasomaji wengi huzipima hadithi hizi kwa ukubwa wa hatari: urefu wa mawimbi, wingi wa papa, ukali wa mbwa mwitu. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu hatari ni rahisi kuiandika. Kilicho kigumu ni hesabu. Hadithi bora ya kunusurika ni ile ambayo mwandishi wake anatunza hesabu ya kweli ya kila kinachoshikilia uhai: maji, chakula, moto, zana, nguvu za mwili, muda na uaminifu wa watu wao kwa wao. Kila kinachopatikana kimelipiwa, na kila kinachotumika kimepungua. Mwandishi anayechezea hesabu hiyo anaweza kumsisimua msomaji kwa kurasa chache, lakini hawezi kumfanya aamini.

Vitu vilivyobaki

Ukaguzi huanzia kwenye mali. Msomaji hujiuliza: mhusika ameokoa nini, kimetoka wapi, kitaisha lini? Defoe aliyajibu maswali haya kwa uangalifu ambao bado haujapitwa. Katika siku 13 za kwanza, Crusoe anakwenda mara 11 kwenye merikebu iliyokwama, na kila safari inatajwa pamoja na alicholeta. Baruti yake anaigawa mafungu kama mia moja baada ya kuona umeme wa radi, akiogopa kwamba cheche moja ingeweza kumwangamizia yote. Wino anautia maji kadiri unavyopungua, mpaka maandishi hayaonekani tena, na kumbukumbu zake za kila siku zinakomea hapo.

Mfano bora zaidi ni shayiri. Crusoe anakung'uta mfuko uliowahi kuwa na chakula cha kuku, akidhani umebaki makapi tu kwa kuwa panya wameshakula nafaka. Mvua inanyesha. Baada ya mwezi hivi yanachomoza masuke 10 au 12 kando ya mwamba, naye anadhani ni muujiza hadi anapokumbuka ule mfuko. Mwandishi wa kawaida angemlisha mhusika wake mkate katika sura inayofuata. Defoe hafanyi hivyo. Crusoe anahifadhi mbegu zote, anapanda sehemu yake kabla tu ya kiangazi na kuipoteza, anajifunza majira ya mvua, kisha anaongeza shamba kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kinajaa polepole: ni katika mwaka wa nne ndipo anapojiruhusu kula punje za mavuno yake. Muda huo wa kungoja ndio unaoupa mkate wake uzito.

Jules Verne alilichukua wazo hilo katika Kisiwa cha Ajabu, riwaya iliyotoka mwaka 1874 na 1875. Watu watano na mbwa mmoja wanatoroka kwa puto kutoka Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani na kuangukia kisiwani mikono mitupu. Kijana Herbert anakuta punje moja ya ngano ndani ya bitana ya nguo yake. Mhandisi Cyrus Smith anapiga hesabu: punje moja huweza kutoa masuke 10 yenye punje 80 kila moja, yaani punje 800, mavuno ya pili yatafika 640,000. Hesabu inapendeza, na imejengwa juu ya kitu kidogo ambacho kingeweza kupotea. Hata hivyo msomaji makini ataona kwamba kisiwa cha Verne ni karimu mno. Madini yote yanayohitajika yako karibu, na mhandisi anajua matumizi ya kila moja.

Upande wa mwisho wa mizani yuko Johann David Wyss wa Bern, mwandishi wa Familia ya Robinson wa Uswisi, kilichotoka mwaka 1812. Katika kisiwa chake wanaishi pamoja pengwini, kangaruu, mbuni na simba, na kila jioni familia hupata mnyama au mmea inaouhitaji kwa somo la siku hiyo. Kama kitabu cha kufundisha watoto elimu ya viumbe na uchamungu, kina thamani yake. Kama hadithi ya kunusurika, kina upungufu mkubwa: hakuna kinachokwisha, kwa hiyo hakuna kinachoogopwa.

Kanuni za mahali

Jambo la pili la kukagua ni kama mazingira yanafuata kanuni zao wenyewe. Bahari katika hadithi nzuri haijui kwamba kuna shujaa ndani yake. Maji yanakupwa na kujaa kwa saa zake, upepo unageuka kwa majira yake, na mhusika ndiye anayepaswa kujifunza.

Robert Louis Stevenson alionyesha jambo hili kwa ustadi mkubwa katika Kidnapped ya mwaka 1886. Kijana David Balfour, mtu wa bara asiyeijua bahari, anavunjikiwa na chombo na kutupwa Earraid, karibu na kisiwa kikubwa cha Mull huko Scotland. Anakaa hapo siku kadhaa chini ya mvua, akila konokono wa baharini wabichi ambao mara nyingine wanamkaa tumboni salama na mara nyingine wanamtapisha vibaya. Anaona moshi wa nyumba upande wa pili wa mlangobahari na kuamini kwamba amenaswa. Wavuvi wanapita, wanamcheka na kumwambia kitu kwa lugha asiyoielewa, mpaka anaposikia ndani yake neno moja linalohusu kupwa na kujaa. Anakimbia hadi kwenye mlangobahari na kukuta maji yamekauka: muda wote huo angeweza kuvuka kwa miguu kila maji yakipwa. Msimulizi mwenyewe anakiri kwamba kijana wa pwani asingekaa hapo hata siku moja, na msomaji wa Lamu, Pemba au Kilwa atalithibitisha hilo papo hapo. Stevenson alipajua mahali hapo, kwa kuwa alikaa Earraid mwaka 1870, wakati jamaa zake wahandisi walipokuwa wakijenga mnara wa taa katika eneo hilo. Mateso ya David hayakutokana na ukatili wa bahari. Yalitokana na ujinga wake juu ya kanuni isiyobadilika, na ndiyo sababu yanaaminika na kuuma.

Kinyume chake ni nazi za R. M. Ballantyne. Katika The Coral Island ya mwaka 1857, vijana watatu wa Kiingereza wanakunywa maji ya nazi kwa kuitoboa kwa urahisi kana kwamba tunda hilo halina kumbi. Ballantyne alikuwa ameziona nazi sokoni Uingereza tu, ambako hufika zikiwa zimeshafuliwa. Mtu yeyote aliyewahi kufua nazi kwa kifuo anajua jasho lililorukwa katika ukurasa huo. Ballantyne alipotambua kosa alilichukulia kwa uzito, na kwa vitabu vilivyofuata akawa anakwenda kujionea mahali na kazi alizokusudia kuziandika, hata kuishi katika mnara wa taa.

Je, kila kosa linaiharibu hadithi? La, na hapa ndipo ustadi wa mpimaji unapohitajika. Katika Lord of the Flies ya William Golding, iliyotoka mwaka 1954, wavulana wanawasha moto kwa miwani ya mwenzao Piggy. Piggy haoni mbali, na lenzi za mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, kwa hiyo haziwezi kuwasha moto. Katika Kisiwa cha Ajabu, Cyrus Smith anaunganisha vioo viwili vya saa, anavijaza maji na kuziba ukingo kwa udongo, naye anapata lenzi inayokusanya mwanga kama inavyotakiwa. Kwa fizikia, Verne amepata na Golding amekosa. Lakini kitabu cha Golding kimesimama juu ya jambo jingine: jinsi woga na tamaa ya utawala vinavyoivunja jamii ndogo. Miwani inapoibwa, msomaji anaelewa kwamba aliyeshika moto ameshika watu, na maana hiyo haitegemei umbo la lenzi.

Makosa ya aina hii ni mengi hata kwa mabingwa. Crusoe anavua nguo ili aogelee hadi merikebuni, kisha anajaza mifuko yake biskuti. Mistari michache baadaye inaelezwa kwamba alibaki na suruali. Tarehe zake za kufika na kuondoka, 30 Septemba 1659 na 19 Desemba 1686, hutoa miaka 27 na ushei, ilhali kitabu kinasema 28. H. Rider Haggard, katika toleo la kwanza la Mashimo ya Mfalme Sulemani la mwaka 1885, alipatwisha jua wakati mwezi ulipokuwa mpevu, jambo lisilowezekana, na baadaye akabadilisha kuwa kupatwa kwa mwezi. Kanuni ya kupimia ni hii: kosa lisilomsaidia mhusika, kama tarehe za Crusoe, ni dogo. Kosa linalomrahisishia maisha mhusika ni zito, kwa kuwa limeondoa gharama iliyopaswa kulipwa. Nazi zisizo na kumbi ni kosa la aina ya pili.

Kazi ya mikono

Jambo la tatu ni kazi. Hadithi hafifu husema mhusika alijenga kibanda, akatengeneza mtumbwi, akaondoka. Hadithi bora huonyesha kazi ikimkataa mtu kabla ya kumkubali. Crusoe anahangaika miezi miwili na udongo na kuambulia vyombo viwili vikubwa, vibaya, visivyoweza kuitwa mitungi. Siri ya kuchoma anaipata anapokuta kigae kimeangukia motoni na kuwa kigumu kama jiwe na chekundu kama tofali. Mtumbwi wake wa kwanza ni funzo kubwa zaidi. Anaukata mti mkubwa kwa siku 20, anatumia siku 14 nyingine kwa matawi, mwezi mmoja kuuchonga nje na karibu miezi mitatu kuuchimba ndani. Mtumbwi unakamilika, ni mzuri na unaweza kubeba watu wengi, nao uko yadi 100 tu kutoka majini. Haukokoteki. Anafikiria kuchimba mfereji na kukuta utamchukua miaka 10 au 12. Chombo kinabaki pale pale. Kurasa hizo zinaeleza tabia ya Crusoe kuliko maneno yoyote ya sifa: ni mchapakazi, ni mvumilivu, na shauku yake hutangulia akili.

Ernest Hemingway alifanya hivyo hivyo katika The Old Man and the Sea ya mwaka 1952. Mvuvi Mkuba Santiago, aliyekaa siku 84 bila kupata samaki, anamnasa nduaro mwenye urefu wa futi 18. Mshipi anaupitisha mgongoni kwa sababu akiufunga mashuani utakatika. Mkono wake wa kushoto unashikwa na mkakamao, naye anakula jodari mbichi bila chumvi wala ndimu ili apate nguvu. Papa wanapokuja, hesabu ya zana inaendelea ukurasa kwa ukurasa. Papa wa kwanza anazama na chusa pamoja na kamba yake. Kisu kilichofungwa kwenye kasia kinaua wengine kisha kinavunjika. Rungu linanyakuliwa gizani. Mwisho mzee anapigana kwa kana ya usukani, nayo inapasuka. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba mzee anashindwa. Ameona kila silaha ikitoka mikononi mwake.

Mwili na akili

Kipimo cha nne ni jinsi mwandishi anavyoonyesha mwili ukishindwa na akili ikichelewa kutambua. Hapa hakuna mfano ulio safi kuliko hadithi fupi ya Jack London, To Build a Fire, ya mwaka 1908. London aliijua baridi ya Klondike kwa mwili wake, kwani alikwenda huko mwaka 1897 wakati wa mbio za dhahabu. Mtu asiyetajwa jina anatembea peke yake na mbwa kando ya kijito cha Henderson katika baridi ya nyuzi 59 za Selsiasi chini ya sifuri. Mate yake yanapasuka hewani kabla hayajafika chini. Mzee mmoja amemwonya asisafiri peke yake katika baridi kama hiyo, naye amelipuuza onyo hilo.

Miguu yake inapolowa, anawasha moto kwa utaratibu mzuri, lakini chini ya msonobari, kwa kuwa hapo ni rahisi kuchuma vijiti. Kila kijiti kinachovutwa kinautikisa mti kidogo. Theluji iliyoelemea tawi la juu inaanguka, inaiangusha na ile ya matawi ya chini, na moto unazimika. Kosa ni moja, linaeleweka na halirekebishiki. Vidole vimekufa ganzi, hivyo mtu huyu anashika fungu la njiti za kiberiti kati ya viganja viwili na kuziwasha zote 70 kwa pamoja, akinusa nyama ya mkono wake ikiungua kabla hajaisikia. London hapandishi sauti. Anaeleza kila tendo kwa mfuatano, na utulivu wa lugha ndio unaoongeza taharuki.

Ubora wa hadithi hii unaonekana zaidi ikilinganishwa na toleo la kwanza ambalo London mwenyewe aliliandika mwaka 1902 kwa jarida la vijana. Katika toleo hilo mhusika ana jina, Tom Vincent, na anaokoka akiwa amejifunza somo. Katika la 1908 hana jina, na anakufa. Tofauti kubwa ni mbwa, ambaye hamo katika toleo la kwanza. Mbwa anajua kwa silika kile ambacho mtu alipaswa kukijua kwa akili, na uwepo wake unampa msomaji kipimo cha kudumu cha upungufu wa binadamu.

Watu katika chombo kimoja

Pale wanapokuwapo watu zaidi ya mmoja, hesabu ya chakula inaongezwa hesabu ya uaminifu. Mpimaji hutazama kama mwandishi ameionyesha kazi ya kila mtu na haki yake. Stephen Crane alikuwa ndani ya meli Commodore iliyozama karibu na Florida tarehe 2 Januari 1897 ikipeleka silaha Cuba. Mwaka huo huo akachapisha The Open Boat, hadithi ya watu wanne katika mashua ndogo: nahodha aliyeumia, mpishi anayekumba maji, fundi wa mitambo na mwandishi wa habari wanaopokezana makasia. Udugu wao hautangazwi; unaonekana wanapopishana kwa tahadhari ili mashua isipinduke. Wanamwona mtu ufukweni akipunga koti na kubishana anamaanisha nini. Mwishoni, katika mawimbi yanayovunjika ufukweni, anayekufa ni yule fundi, mwenye nguvu kuliko wote. Hadithi hafifu ingemuua mwovu au mzembe. Crane alisimulia kama ilivyokuwa, na hilo linatisha kuliko papa.

Njaa inapofika ukomo, linakuja swali la kula nyama ya binadamu, na hapo mwandishi hupimwa kwa uzito anaoupa uamuzi. Edgar Allan Poe, katika riwaya yake ya mwaka 1838 juu ya Arthur Gordon Pym, aliwafanya mabaharia wapige kura, na aliyeangukiwa aliitwa Richard Parker. Mwaka 1884 chombo Mignonette kilizama katika Atlantiki, na nahodha Tom Dudley pamoja na msaidizi wake walimuua kijana wa kazi aliyekuwa mgonjwa, bila kura yoyote. Jina lake lilikuwa Richard Parker. Mahakama ya Uingereza iliamua kwamba dharura haihalalishi kuua. Mwandishi anayeligusa jambo hili hana ruhusa ya kulitumia kama kitisho cha kupita. Lazima aonyeshe nani aliamua, kwa haki gani, na nani hakuulizwa.

Sadfa na msaada

Hakuna hadithi ya baharini isiyo na bahati. Dhoruba, mwamba usioonekana na meli inayopita ni sehemu ya maisha ya mabaharia. Kanuni inayofaa ni kwamba sadfa inayomtia mhusika matatani inakubalika, na ile inayomtoa inapaswa kuwa imeandaliwa. Verne alijua hivyo. Katika Kisiwa cha Ajabu, misaada isiyoelezeka inawafikia wahusika mara kwa mara, lakini wao wenyewe wanaishuku na kuichunguza, mpaka inapofichuka kwamba Kapteni Nemo anaishi chini ya kisiwa. Msaada umegeuzwa kuwa fumbo lenye jibu.

Katika riwaya yake ya mwaka 1878 juu ya nahodha wa miaka 15, Dick Sand, Verne alifanya vizuri zaidi. Mpishi mwovu Negoro anaweka chuma karibu na dira, meli inapotea njia, na abiria wanaamini kwamba wamefika Bolivia kumbe wako Angola. Dalili zinawekwa mbele ya msomaji: wanyama warefu wanaokimbia mbali wanaitwa mbuni, ilhali ni twiga. Anayewajua twiga ataugundua ukweli kabla ya Dick, na mwandishi hajamficha chochote.

Wenyeji wa mahali

Nyika inayoitwa tupu mara nyingi ina wenyewe. Mpimaji wa Afrika Mashariki ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza watu hao wameandikwaje. Hesabu ya Defoe, iliyo makini kwa baruti na shayiri, inapwaya hapa. Kijana Xury, aliyetoroka utumwani pamoja na Crusoe na kumsaidia kwa uaminifu, anauzwa na Crusoe kwa nahodha Mreno kwa vipande 60 vya fedha. Crusoe mwenyewe anavunjikiwa na chombo akiwa safarini kununua watumwa pwani ya Guinea. Ijumaa, mwenyeji wa nchi ya jirani anayejua mitumbwi na bahari ile kuliko yeye, anaingia kitabuni kama mtumishi wa kufundishwa. J. M. Coetzee, katika Foe ya mwaka 1986, alimwandika upya Ijumaa kama mtu aliyekatwa ulimi, na kwa hilo akaonyesha ni kiasi gani cha kisa hakikuwahi kusimuliwa.

Verne naye alianzia Zanzibar safari ya Majuma Matano katika Puto, riwaya ya mwaka 1863, bila kuwahi kukanyaga pwani hii. Jiografia aliipata katika taarifa za wapelelezi kama Burton na Speke, na kwa sehemu kubwa ni nzuri kwa wakati wake. Watu hakuwapata. Wahusika wake wanadhani wameshambuliwa na wenyeji, wanagundua kwamba ni nyani, na kulifanya jambo hilo mzaha. Dharau ya namna hii ni aibu kimaadili na pia ni kasoro ya kifani: mwandishi asiyewaona wenyeji hawezi kuona maarifa yao, na maarifa hayo ndiyo ramani ya kwanza ya kunusurika. Mabaharia wa meli Essex, iliyozamishwa na nyangumi tarehe 20 Novemba 1820, waliogopa kwenda visiwa vya magharibi wakidhani vina walaji watu, wakachagua njia ndefu ya kuelekea Amerika ya Kusini. Katika safari hiyo walianza kulana wao kwa wao, na kati ya watu 20 walinusurika wanane.

Toleo na tafsiri

Vitabu hivi husomwa zaidi katika matoleo yaliyofupishwa kwa wanafunzi. Mfupishaji kwa kawaida hubakiza dhoruba, maharamia na unyayo mchangani, akakata ufinyanzi, kilimo na siku za kungoja. Anayeyasoma matoleo hayo atasema Robinson Crusoe ni hadithi ya kukimbizana, na hatakosea kuhusu alichokisoma. Hukumu ya haki inahitaji maandishi kamili.

Kwa Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri za Frederick Johnson za mwishoni mwa miaka ya 1920, ziliwafikisha Stevenson na Haggard kwa vizazi vya wasomaji. Tafsiri ya kitabu cha bahari hupimwa kwa istilahi zake. Mwambao una majina yake ya tanga, foromali, demani, joshi na mkuku, na mtafsiri anayeyatumia huwapa mabaharia wa kitabu mikono inayojua kazi. Anayeandika kamba kwa kila kamba amewageuza kuwa abiria.

Mwisho wa hadithi

Kipimo cha mwisho ni namna hesabu inavyofungwa. Crusoe anarudi Uingereza na kukuta shamba lake la Brazil limemtajirisha. Ni mwisho wa karne yake, nao unadhoofisha yale aliyofundishwa na kisiwa. Santiago anafika na mifupa ya samaki, na kila kipande kilichokosekana msomaji anajua kilikwenda wapi. Mtu wa London anakufa kwa sababu moja iliyoonekana tangu mwanzo. Mwisho mwema haumaanishi hadithi dhaifu, wala kifo hakimaanishi hadithi nzito. Kinachotakiwa ni kwamba kuokoka kuwe kumelipiwa na kufa kuwe na sababu, na kwamba msomaji akirudi nyuma aweze kuonyesha kurasa ambamo deni liliingia na ambamo lililipwa. Kitabu kinachostahimili usomaji huo wa pili, hata baada ya siri ya nani ataokoka kujulikana, ndicho cha daraja la kwanza.